Profesa Thomas Risley Odhiambo na Taaluma ya Wadudu Barani Afrika

Mfugaji wa Masalani, katika Kaunti ya Garissa, hahitaji kufafanuliwa uzito wa mdudu. Mwishoni mwa mwaka 2006 na mwanzoni mwa 2007, mbu walioibuka baada ya mafuriko walieneza homa ya Bonde la Ufa, watu na mifugo wakaangamia. Mnamo Desemba 2019, makundi ya nzige wa jangwani yaliingia kaskazini mashariki mwa Kenya kutoka Somalia. Yanapozuka maafa ya aina hii, aghalabu macho huelekezwa ng'ambo, kana kwamba elimu ya kuyakabili haiwezi kuzaliwa hapa. Makala haya yanaangazia maisha ya Mkenya aliyeipinga dhana hiyo kwa vitendo.

Thomas Risley Odhiambo alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931. Alisoma Maseno na baadaye Makerere, kisha akaajiriwa katika idara ya kilimo nchini Uganda. Huko ndiko alikoanza uchunguzi wake. Mwaka 1959 alichapisha maelezo kuhusu kunguni mmoja mwindaji ambaye dume lake ndilo linaloyalinda mayai hadi yaanguliwe. Ni jambo nadra miongoni mwa wadudu, nalo lilionyesha jicho la mtazamaji mvumilivu.

Aliendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, chini ya Vincent Wigglesworth, bingwa wa fiziolojia ya wadudu. Alipata shahada ya uzamifu mwaka 1965. Utafiti wake ulihusu dume la nzige wa jangwani: alichunguza jinsi homoni inayotoka katika tezi ndogo iliyo karibu na ubongo inavyoathiri ukuaji, uzazi na matumizi ya nguvu mwilini. Huenda msomaji akauliza: tezi ya nzige yamfaa nini mwenye njaa? Jibu ni kwamba asiyejua mwili wa adui yake atabaki kununua sumu asizozielewa, kwa bei asiyoipanga yeye.

Aliporejea Nairobi kufundisha chuoni, aliandika makala katika jarida la Science mwaka 1967 kuhusu hali ya sayansi Afrika Mashariki, akapendekeza kujengwa kwa vituo vichache vya utafiti wa kiwango cha juu. Mwaka 1970 pendekezo hilo lilizaa Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, yaani ICIPE, kilichoanzia Chiromo katika majengo ya kawaida mno. Alikiongoza hadi mwaka 1994. Katika muda huo kilipata makao yake Kasarani na kituo kingine Mbita, ufuoni mwa Ziwa Viktoria.

Kinachostahili kusisitizwa zaidi ni watu. Mwaka 1983 ICIPE, kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya Afrika, ilianzisha mpango wa kuwaandaa Waafrika kwa shahada ya uzamifu katika sayansi ya wadudu. Odhiambo pia alikuwa rais mwanzilishi wa Akademia ya Sayansi ya Afrika iliyoundwa mwaka 1985. Miaka miwili baadaye alitunukiwa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal, Tuzo ya Afrika ya uongozi katika kukomesha njaa.

Hata hivyo, kazi yake haikukosa mgogoro. Kituo kilitegemea sana fedha za wafadhili wa nje, na suala la iwapo uhuru wa fikra unaweza kusimama juu ya mfuko wa mwingine bado linatukabili.

Profesa Odhiambo aliaga dunia Nairobi mnamo Mei 2003. Kituo cha Mbita sasa kina jina lake. Watafiti wa ICIPE wamefika hadi Ijara kuwakusanya mbu na kuchunguza, kwa mbinu za baiolojia ya molekuli, virusi wanavyobeba. Mbegu aliyoipanda, basi, imefika Masalani. Lakini matokeo ya tafiti za namna hii huandikwa kwa Kiingereza, ilhali mfugaji husika huzungumza Kisomali na Kiswahili. Hapo ndipo penye wajibu wetu sisi wanafunzi wa Kiswahili: kuunda istilahi, kufasiri na kueleza. Odhiambo aliileta maabara nyumbani. Kuileta lugha yake nyumbani ni kazi iliyobaki mikononi mwetu.