Nishani Aliyonyimwa Mahjub bin Adam

Nishani ya vita ni kipande kidogo cha madini, chenye utepe wa nguo na pini nyuma yake. Ukiiweka katika mizani ya sonara haifikii thamani ya bangili. Hata hivyo dola huitungia sheria na wanaume huitamani hadi uzeeni, kwa kuwa kinachoning'inia kifuani si madini bali ni shahada: kwamba fulani alitumikia, na kwamba waliomtuma wanalikiri deni lao. Kwa sababu hiyo tumeona vyema kuwakumbusha wasomaji wetu maisha ya mtoto wa Dar es Salaam aliyeidai shahada hiyo ugenini, akanyimwa.

Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa tarehe 22 Februari 1904. Baba yake, mwenye asili ya Sudan, alikuwa askari wa Wajerumani na alipanda hadi cheo cha efendi, ambacho ndicho cha juu kabisa alichoweza kukifikia Mwafrika katika jeshi lile. Hatuna budi kukumbuka jeshi lile lilikuwa la nani. Ndilo lililovizima Vita vya Majimaji, kuanzia mwaka 1905, kwa risasi, moto na njaa. Mahjub hakulichagua; alizaliwa ndani yake.

Ulipofika mwaka 1914, vita vya wakubwa wa Ulaya vikahamia katika ardhi yetu. Mtoto huyo wa miaka kumi alikuwa tayari anajua Kijerumani, na alikuwa akifanya kazi ya ukarani huko Lindi. Yeye na baba yake waliingia jeshini pamoja. Oktoba 1917, katika mapigano ya Mahiwa, ambayo yalikuwa miongoni mwa mapigano makali kuliko yote katika Afrika Mashariki, Mahjub alijeruhiwa, kisha akatekwa na Waingereza. Umri wake ulikuwa miaka kumi na mitatu. Wenzake wa rika hilo walikuwa bado chuoni, ubao mapajani, wakijifunza kusoma.

Vita vilikwisha, lakini mishahara haikulipwa. Mahjub akatafuta riziki katika meli, akiwahudumia abiria, na mwaka 1929 alifika Berlin. Alikuwa na jambo moja moyoni: kudai ujira wa vita, wake na wa baba yake. Ofisi iliyohusika ilimjibu kuwa muda wa kudai umepita. Kwa jibu hilo moja damu ya Mahiwa ikafungiwa ndani ya jalada.

Hakurejea nyumbani. Alibaki Berlin, akijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alifanya kazi ya uhudumu katika jumba maarufu la starehe lililoitwa Haus Vaterland, na katika Chuo Kikuu cha jiji hilo akasaidia kufundisha Kiswahili. Januari 1933, siku chache tu kabla ya Hitler kushika madaraka, alimwoa Maria Schwandner.

Mwaka 1934 serikali ya Ujerumani ilitangaza nishani mpya, Msalaba wa Heshima, kwa wote walioshiriki vita vya 1914 hadi 1918. Ilikuwa na daraja tatu: ya waliopigana mstari wa mbele, ya waliotumikia pengine, na ya wajane na wazazi wa waliokufa. Haikuhitaji ushujaa wa pekee. Mtu alipeleka maombi na ushahidi wa utumishi wake, akapewa. Waliopewa ile ya mstari wa mbele peke yao walizidi milioni sita. Hadi leo wakusanyaji wa vitu vya kale huipata bila taabu, kwa wingi wake.

Mahjub naye aliomba. Akakataliwa.

Wasomaji na walipime jambo hili. Nishani hiyo haikuwa adimu hata kidogo. Kilichokuwa adimu ni ile haki ya Mwafrika kuhesabiwa kuwa miongoni mwa waliopigana. Kovu la Mahiwa halikutosha kuwa ushahidi mbele ya watu waliokwisha kuamua kuwa rangi ya ngozi ndiyo jalada lenyewe. Hata hivyo Mahjub alivaa sare ya askari na kutundika nishani kifuani, akahudhuria mikutano ya Wajerumani waliotaka kurudishiwa makoloni. Hatumsifu kwa hilo. Aliipigia debe minyororo iliyowafunga ndugu zake. Lakini pia hatuwezi kumhukumu kana kwamba alikuwa na milango mingi ya kuchagua. Alikuwa akiishi katika nchi ambayo Mwafrika alivumiliwa pale tu alipoonekana kuwa pambo la fahari ya zamani.

Pambo hilo lilitumika pia katika sinema, ambamo alicheza sehemu ndogondogo za watumishi na wapagazi. Ya mwisho ilitolewa mwaka 1941, nayo ilimtukuza Carl Peters, yule ambaye wazee wetu wa Bara walimpa jina la Mkono wa Damu. Mwaka huohuo Mahjub alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, kosa ambalo sheria za ubaguzi za wakati ule ziliita uchafuzi wa damu. Hakufikishwa mbele ya mahakama yoyote. Alipelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, na huko alifariki tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na umri wa miaka arubaini.

Katika Dar es Salaam, tangu mwaka 1927, imesimama sanamu ya askari wa shaba, bunduki mkononi, iliyowekwa na Waingereza. Ni sanamu nzuri, lakini haina jina la mtu. Mahjub alipata jina lake mwaka 2007, pale kijiwe kidogo kilipopachikwa kando ya njia mbele ya nyumba aliyokaa mjini Berlin. Heshima aliyoiomba akiwa hai ilikuja miaka sitini na tatu baada ya kifo chake, ikawekwa chini ya nyayo za wapita njia.

Sisi tunaona kuwa funzo la maisha haya halikuishia Ujerumani. Nasi tunao wazee wetu waliotumikia, Bara na Visiwani, wakiwamo waliovuka mpaka katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Mzee wa namna hiyo anaposimama mbele ya meza ya ofisi na karatasi iliyochakaa, mtumishi wa umma akumbuke kwamba jibu la kuwa muda umepita ni jepesi kulitamka, na ni zito kulibeba. Nishani hunakshiwa na fundi. Thamani yake hutiwa na karani atakayelifungua jalada.