Siti binti Saad, Muuza Vyungu wa Fumba

Kikundi kikitimiza miaka 10 tumeona tumkumbuke mama huyu. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880 hivi. Mama yake alifinyanga vyungu, yeye akavitembeza kwa miguu akivinadi. Kusoma hakujua. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza taarabu akiwa mtu mzima kabisa. Wenye husuda wakamtungia wimbo wa kumcheka ushamba wake. Naye akawajibu kwa wimbo! Mwaka 1928 akavuka bahari na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki. Sisi hapa Magamba kukopa mtaji wa maandazi tu tulitetemeka. Santuri zikanunuliwa sana. Alifariki 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake.