Kimathi na Mapango Yasiyokuwa Yake

Kila niwapelekapo wanafunzi kwenye mapango ya Mau Mau katika msitu wa Burguret, kusini mwa mji huu wa Nanyuki, swali huwa ni lile lile: Dedan Kimathi alilala wapi? Aghalabu hapakosi mtu mzima wa kuwaonyesha jiwe. Nami hulazimika kuwavunja moyo, kwani vita vya Kimathi vilikuwa ng'ambo ile, katika msitu wa Nyandarua.

Alizaliwa Tetu, Nyeri, mwaka 1920. Alisoma Tumutumu, akaingia jeshini na kutolewa upesi, kisha akashika kazi za kila namna, ualimu ukiwamo (jambo ambalo sisi walimu hatulitaji vya kutosha). Alikuwa mtu wa kalamu. Hata msituni alihifadhi kumbukumbu na kuandika barua nyingi. Mwaka 1953 wapiganaji walipounda Baraza la Ulinzi la Kenya, yeye ndiye aliyeliongoza.

Jemadari wa upande huu wetu wa Mlima Kenya alikuwa Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, aliyekuwa amepigana Burma katika Vita Vikuu vya Pili. Alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kifo, akanusurika, akaishi hadi 1993. Nadhani hilo ndilo lililomponza. Alizeeka mbele ya macho yetu, akafanya kazi serikalini kama watu wengine, na mapango yake tukampa mwenziwe.

Kimathi hakuzeeka. Tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa amedhoofu kwa njaa, alipigwa risasi na askari kanga ukingoni mwa msitu na kukamatwa. Alishtakiwa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, na shtaka lililomwua lilikuwa la kupatikana na bastola. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa bila alama yoyote. Mau Mau yenyewe ilibaki marufuku kisheria hadi 2003. Sanamu yake ikasimamishwa Nairobi mwaka 2007. Mjane wake, Mukami, aliomba kaburi kwa miaka mingi, akafariki mwaka 2023 bila kuonyeshwa. Si ajabu, basi, watu wakimtafutia mahali pa kulala katika kila pango.

Muhula ujao tutapanda tena Burguret. Safari hii nimewaagiza wanafunzi wasome kwanza habari za Itote.