William Vickrey: mtaalamu wa mnada ambaye hakuwahi kuipokea tuzo yake

Simu za mkononi ndizo zinazowaunganisha wafanyabiashara wa Ruziba, kusini mwa Bujumbura, na wenzao wa Uvira na Kigoma. Simu hizo hazifanyi kazi bila masafa ya redio, ambayo ni mali ya umma na yana kikomo. Miongoni mwa waliosaidia kujibu swali la nani apewe masafa na kwa bei gani ni mchumi William Vickrey.

Vickrey alizaliwa Juni 21, 1914 katika mji wa Victoria, Canada. Alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikofundisha kwa miaka mingi. Alikuwa muumini wa Quaker, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alikataa kubeba silaha kwa sababu ya imani yake.

Mwaka 1961 alichapisha makala kuhusu minada na zabuni za siri. Alipendekeza kila mnunuzi aandike bei yake katika bahasha, mwenye bei ya juu ashinde, lakini alipe bei ya mtu wa pili.

Tuseme watu watatu wanagombea kibanda kimoja huko Ruziba. Wa kwanza anaandika faranga 500,000, wa pili 420,000 na wa tatu 300,000. Wa kwanza anakichukua kibanda kwa 420,000. Kwa kuwa bei aliyoandika siyo atakayolipa, hana sababu ya kuficha thamani anayoiona. Akishusha, anaweza kukosa. Akipandisha kupita kiasi, anaweza kulipa hasara.

Hata hivyo, New Zealand iliujaribu utaratibu huo kwa masafa ya redio mwaka 1990 bila kuweka kiwango cha chini cha bei. Wanunuzi walikuwa wachache. Kampuni moja iliyoandika dola 100,000 za nchi hiyo ililipa dola 6 tu, na nyingine iliyoandika milioni 7 ililipa 5,000. Wananchi walilalamika na serikali ikabadili utaratibu.

Kosa halikuwa katika hesabu za Vickrey. Mnada wowote wenye wanunuzi wachache unahitaji kiwango cha chini, na somo hilo linazihusu zaidi nchi zenye kampuni chache za simu, kama Burundi.

Marekani ilianza minada yake ya masafa mwaka 1994 kwa utaratibu wa wazi wa raundi nyingi, uliobuniwa na wachumi waliojenga juu ya msingi wa Vickrey. Wawili kati yao, Paul Milgrom na Robert Wilson, walipata Nobel mwaka 2020. Barani Afrika, Nigeria iliuza leseni za simu kwa mnada Januari 2001 kwa dola milioni 285 kila moja, na Tanzania ilinadi masafa mwaka 2018 na 2022.

Oktoba 8, 1996 Vickrey alitangazwa mshindi wa Nobel ya uchumi pamoja na James Mirrlees wa Uingereza. Siku tatu baadaye alifariki dunia akiwa safarini kwenda mkutanoni, akiwa na umri wa miaka 82. Tuzo yake ilipokelewa kwa niaba yake na mwenzake wa Columbia, Lowell Harriss.