BELL WA KARAMOJA: MWINDAJI ALIYECHAGUA BUNDUKI NYEPESI

Katika historia ya uwindaji wa Afrika ya Mashariki majina mengi yametajwa, na yaliyo mengi yamekwisha sahauliwa. Lakini jina la Walter Dalrymple Maitland Bell, aliyejulikana zaidi kama Bell wa Karamoja, lingali likitajwa kila mahali ambapo watu hujadiliana juu ya bunduki na risasi. Sababu yake ni moja. Wakati wenzake walipobeba bunduki nzito mfano wa mizinga ili kumwangusha ndovu, yeye alichagua bunduki nyepesi ya risasi ndogo, na kwa bunduki hiyo akawashinda walio wengi. Leo tungependa kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mtu huyu, kwa kuwa ndani yake mna funzo juu ya silaha, na mna pia habari ya hasara ambayo nchi yetu haijamaliza kuilipa.

Bell alizaliwa mwaka 1880 karibu na mji wa Edinburgh katika Scotland. Wazazi wake wote wawili walifariki angali mtoto mdogo, naye akalelewa na kaka zake. Shule hakuipenda, akatoroka mara kwa mara, na alipofikia umri wa miaka 13 alikuwa amekwisha kwenda baharini kufanya kazi melini. Nia yake ilikuwa moja tu, kuwinda. Kabla hajatimiza miaka 18 alifika Mombasa, akapata kazi ya kuwalinda wajenzi wa reli ya Uganda dhidi ya simba. Bunduki aliyokuja nayo ilikuwa ya kutia risasi moja moja, na katika joto la nchi hii ganda la risasi lilinasa ndani ya mtutu kila alipokwisha piga. Kijana yule akajifunza mapema kwamba bunduki isiyoaminika ni adui wa mwenyewe.

Kutoka hapo alikwenda Canada ya kaskazini wakati wa mbio za dhahabu, akawinda nyama ya kuwauzia wachimbaji, na mshirika wake akamdhulumu mapato yake. Vita vya Makaburu vilipoanza mwaka 1899, alijiunga na kikosi cha wapanda farasi kutoka Canada, akapelekwa Afrika ya Kusini. Farasi wake alipigwa risasi, yeye akatekwa, kisha akatoroka. Katika vita hivyo Makaburu walitumia sana bunduki za Mauser za Kijerumani zenye mtutu wa milimita 7, na ulimwengu ukaona jinsi risasi ile nyembamba ilivyoruka mbali na kwa unyofu. Risasi ya namna hiyohiyo ndiyo iliyokuja kumpatia Bell sifa yake.

Mnamo mwaka 1902 Bell alianza safari zake za kuwinda ndovu, na kituo chake cha kuanzia kilikuwa Mumias, magharibi ya Kenya ya leo. Kutoka hapo aliuzunguka Mlima Elgon, akaingia Karamoja, nchi ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa haijaitawala hasa. Hakuwa mgeni wa kwanza. Wafanyabiashara Waswahili walikuwa wamekwisha jenga kituo chao cha pembe mahali palipoitwa Mani-Mani. Bell alielewa kwamba bila ya wenyeji asingefika popote. Aliwapa ng'ombe wale waliomletea habari za kweli za ndovu, na akapata mwenzi hodari, Mkaramoja aliyeitwa Pyjale, aliyezijua nyayo na njia zote. Sifa za wawindaji wa kizungu zimeandikwa vitabuni, lakini hapana budi kukumbuka kwamba macho ya Pyjale ndiyo yaliyotangulia mbele ya bunduki.

Sasa natuitazame bunduki yenyewe. Siku zile iliaminiwa kwamba mnyama mkubwa hana budi kupigwa kwa risasi kubwa. Bunduki za mitutu miwili za aina ya .577 zilikuwa na uzito wa kama kilo 6, na kichwa cha risasi yake peke yake kilikuwa na gramu 48 na zaidi. Bell aliwahi kutumia bunduki ya mitutu miwili, akaiacha. Aliyoipenda kuliko zote ni Mauser iliyotengenezwa na John Rigby wa London, aina ya .275, jina la Kiingereza la risasi ileile ya milimita 7. Kichwa cha risasi hiyo kilikuwa na gramu 11 tu na kidogo, na kilitoka mtutuni kwa mwendo wa kama mita 700 kwa sekunde. Alitumia pia Mannlicher ya milimita 6.5, nyepesi zaidi, na bunduki za .303 na .318.

Sababu zake zilikuwa za mtu aliyepima mambo. Kwanza, alibeba bunduki yake mwenyewe kutwa nzima, hakumwachia mtumishi, hivyo uzito ulikuwa jambo la uhai. Pili, bunduki ndogo haina teke kubwa. Sisi tuliopitia mafunzo ya jeshi tunafahamu vema kwamba askari anayeliogopa teke la bunduki yake hufumba macho, hukivuta kifyatulio kwa pupa, na risasi yake huenda kombo. Tatu, Mauser ilichukua risasi 5, ambapo bunduki ya mitutu miwili ilichukua 2 tu. Nne, mpagazi mmoja aliweza kubeba risasi ndogo nyingi zaidi. Tano, mlio wake haukuwa mkubwa, na kundi halikushtuka upesi. Kuhusu ubora wa risasi hakuwa na mzaha. Alipenda risasi za kiwanda cha Kijerumani zilizofanywa kwa matumizi ya jeshi, kwa kuwa hazikumwangusha.

Lakini wepesi peke yake usingaliweza kumwua ndovu. Ubongo wa ndovu umekaa ndani sana, chini na nyuma ya kichwa, katikati ya matundu ya masikio, nao umezungukwa na mfupa mnene wenye vijitundu kama sega la asali. Bell aliagiza fuvu likatwe kwa msumeno, akalichungua, akajua ni pembe gani ya kupigia iwapo ndovu anatazama mbele, amekaa ubavu, au anaondoka. Namna yake ya kupiga kwa mshazari kutoka nyuma, risasi ikipenya shingoni hadi ubongoni, imebaki na jina lake hata leo. Akachagua kichwa cha risasi kirefu, chenye ncha ya mviringo, kilichovikwa madini magumu pande zote, ili kisipondeke wala kupotoka njiani. Risasi laini ingalivunjika juu ya mfupa. Hivyo risasi ndogo inayofika ubongoni hufanya kazi ile ile ya risasi kubwa, na risasi kubwa inayoukosa haina faida. Usione wembamba wa reli, gari moshi hupita.

Juu ya hayo aliongeza mazoezi yasiyokoma. Alilenga kila siku, hata bila risasi, na risasi zilizomzidi alizitumia kupigia ndege warukao. Katika majani marefu ya Lado, upande wa magharibi wa Nile, alipiga akiwa amesimama juu ya ngazi. Lado ilikuwa imekodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi kufa kwake mwaka 1909, na katika kipindi cha makabidhiano wawindaji waliingia humo bila kizuizi. Sehemu ya kusini ya nchi hiyo ndiyo iliyoingizwa katika Uganda mwaka 1914, tunayoiita West Nile.

Katika Vita Kuu ya Kwanza Bell alijifunza kurusha ndege za kivita, akatumika katika Tanganyika na baadaye Ulaya, akatunukiwa nishani ya Military Cross na kufikia cheo cha kapteni. Baada ya vita aliwinda Afrika ya Magharibi, kisha akarejea Scotland na kuandika vitabu. Hata uzeeni hakuiacha imani yake. Aliwinda kulungu wa milimani kwa .220 Swift, risasi iliyotolewa na kampuni ya Winchester ya Marekani mwaka 1935, yenye kichwa cha gramu 3 tu na mwendo unaopita mita 1,200 kwa sekunde. Ni aina ya risasi ambayo Wamarekani huichagua kwa wanyama wadogo kama koyote, yule mbwa-mwitu wa nyika zao. Bell alifariki mwaka 1954.

Hapa yafaa tutoe tahadhari. Bunduki nyepesi ilimfaa Bell kwa kuwa alikuwa Bell. Kwa mtu mwenye mkono wa wasiwasi, au anayekutana ghafla na ndovu aliyejeruhiwa kichakani, risasi ndogo ni hatari kwake na mateso kwa mnyama. Ndiyo maana sheria za nchi kadhaa za Afrika zimeweka kipimo cha .375 kuwa cha chini kabisa kwa ndovu.

Na kuna hesabu nyingine. Bell aliua ndovu 1,011 katika maisha yake, na walio wengi waliangushwa kwa risasi ya milimita 7. Huyo ni mtu mmoja tu. Bandu bandu huisha gogo. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili wenye bunduki za kivita, nyepesi na za risasi ndogo, waliwamaliza ndovu wetu wengi sana. Aliyoyathibitisha Bell kwa ustadi, wao waliyafanya kwa wingi wa risasi. Karamoja yenyewe ilionja uchungu huo kwa namna nyingine. Ghala ya silaha ya kambi ya Moroto ilipoporwa mwaka 1979, wizi wa ng'ombe uliokuwa ukifanywa kwa mikuki uligeuka kuwa vita vya bunduki, na ilichukua miaka mingi kuzikusanya silaha hizo.

Basi, wasomaji wetu, maisha ya Bell yanatufundisha kwamba jinsi bunduki inavyopungua uzito ndivyo wajibu wa aishikaye unavyozidi. Bunduki nzito humchosha mtu, na uchovu huo humfanya afikiri kabla ya kupiga. Nyepesi hubebwa na yeyote, hata mtoto, na hupiga upesi. Silaha ya namna hiyo yahitaji maarifa ya kujua pa kupiga, na yahitaji zaidi nidhamu ya kujua wakati wa kutopiga. La kwanza Bell alikuwa nalo kuliko wengi. La pili ndilo ambalo Karamoja, ndovu wake na watu wake, walilikosa kwa muda mrefu.