John Soane: Mtoto wa Mwashi Aliyetenganisha Kazi ya Mbunifu na Faida ya Mkandarasi

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi apitaye kando ya jengo linaloendelea kujengwa, iwe Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, hukuta bango lenye majina kadhaa. Yupo mmiliki, yupo mbunifu majengo, yupo mkadiriaji majenzi, yupo mkandarasi, na kila mmoja ana mstari wake. Wengi hulisoma bango hilo bila kujiuliza kwa nini mbunifu na mkandarasi wasiwe mtu mmoja, ili mambo yaende haraka na gharama ipungue. Swali hilo liliwahi kuwa gumu, na miongoni mwa watu walioishi nalo maisha yao yote ni Mwingereza John Soane, mbunifu wa Benki ya Uingereza, aliyefariki dunia mwaka 1837.

Soane alizaliwa tarehe 10 Septemba, 1753 katika eneo la Goring, kando ya Mto Thames. Baba yake alikuwa fundi mwashi, na jina la ukoo liliandikwa Soan. Herufi ya mwisho aliiongeza mwenyewe alipokaribia kuoa, pengine kwa haya ya asili yake. Baba alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka 14, naye akachukuliwa na kaka yake William, ambaye pia alikuwa mwashi. Kwa hiyo, kabla hajashika kalamu ya kuchorea, kijana huyo alikwisha kuona jinsi tofali linavyohesabiwa, jinsi chokaa inavyochanganywa na jinsi fundi anavyosubiri malipo yake. Mimi naona elimu hiyo ya utotoni ilimfaa baadaye kuliko nyingi alizozipata darasani.

Mwaka 1768 alipokelewa London katika ofisi ya mbunifu George Dance, na mwaka 1771 akajiunga na shule ya Chuo cha Kifalme cha Sanaa. Baadaye alihamia ofisi ya Henry Holland, ambako alijifunza upande wa biashara wa kazi hiyo: makadirio, hesabu na usimamizi wa mafundi. Mwaka 1776 alipata medali ya dhahabu ya chuo kwa mchoro wa daraja la fahari. Siku moja alipokuwa amezama katika mchoro huo, rafiki zake walikwenda kutembea kwa mashua kuelekea Greenwich naye akabaki mezani. Mmoja wao alizama na kufa. Soane hakujua kuogelea, na alilikumbuka tukio hilo hadi uzeeni.

Medali hiyo ilimfungulia ufadhili wa masomo wa pauni 60 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, naye akaondoka mwezi Machi 1778 kwenda Italia. Huko alikutana na Frederick Hervey, Askofu wa Derry, mtu tajiri mwenye shauku ya majengo. Askofu alimpa ahadi za kazi kubwa huko Ireland. Kijana akaamini, akakatisha masomo yake mwaka 1780 na kumfuata. Alikaa huko wiki chache tu, akipima na kuchora, kisha askofu akabadili nia. Hapakuwa na mkataba wala ada iliyokubaliwa, na hakuwapo mtu wa kumshtakia. Soane alirudi London akiwa na madeni, akaanza upya kwa kazi ndogondogo za ukarabati.

Ili msomaji aelewe uzito wa jambo hilo, ni vyema kukumbuka hali ya taaluma ilivyokuwa wakati huo. Uingereza haikuwa na daftari la wabunifu majengo, wala mtihani, wala bodi. Seremala aliyeweza kuchora alijiita mbunifu. Mbunifu mwenye tamaa alinunua viwanja, akajenga na kuuza. Kazi nyingi zililipwa baada ya kupimwa: kuta zikikamilika, mpimaji alikuja kuhesabu kiasi cha matofali, mbao na lipu, kisha akaweka thamani. Mara nyingi mpimaji huyo alilipwa na fundi yuleyule ambaye kazi yake ilikuwa ikipimwa, tena kwa asilimia ya thamani aliyoitaja. Kadiri alivyopima kwa ukarimu ndivyo mfuko wake ulivyojaa, na aliyebeba mzigo ni mwenye nyumba, ambaye hakuwa na utaalamu wa kubisha.

Mwaka 1788, akiwa na umri wa miaka 35, Soane alichapisha kitabu cha michoro ya majengo yake, na katika utangulizi wake akaeleza kazi ya mbunifu kwa namna ambayo wanataaluma wa Uingereza wameirejea mara nyingi tangu hapo. Kwa maelezo yake, mbunifu huandaa michoro na makadirio, huelekeza kazi, na hupima na kuthamini sehemu mbalimbali za jengo. Yeye ni mtu wa kati: upande mmoja yupo mwenye jengo, ambaye heshima na maslahi yake ni lazima yachungwe, na upande wa pili wapo mafundi, ambao haki zao ni lazima zitetewe. Aliye katika nafasi hiyo anawajibika kwa makosa ya watu anaowaajiri. Kisha Soane akauliza jambo ambalo halikuwa na jibu rahisi: mtu mwenye amana hiyo atawezaje kuwa yeye mwenyewe mkandarasi, au kushirikiana naye kibiashara, na bado akapima kazi kwa haki?

Mwezi Oktoba mwaka huohuo aliteuliwa kuwa mbunifu wa Benki ya Uingereza, nafasi aliyoishika kwa miaka 45. Taasisi hiyo ilikua haraka katika miaka ya vita dhidi ya Ufaransa, naye akaipanua hatua kwa hatua hadi ikajaza eneo zima lililozungukwa na mitaa. Kwa sababu za usalama, kuta za nje hazikuwekwa madirisha. Mwanga uliingia kutoka juu, kupitia mapaa ya vioo. Kwa kuhofia moto, mapaa ya kumbi alizozijenga kuanzia miaka ya 1790 aliyaunda kwa vyungu vya udongo vilivyo wazi ndani, vyepesi na visivyoungua, badala ya mbao.

Ofisini kwake alikuwa mkali. Wanagenzi walifungwa kwa mkataba wa miaka kadhaa, wakafanya kazi saa 12 kwa siku, siku sita kwa wiki. Aliwatuma kwenye maeneo ya ujenzi wakachore kila hatua: misingi ikiwa wazi, matao yakiwa bado yameshikiliwa na mbao, kuta zikiwa nusu. Michoro hiyo ipo hadi leo, na inaonesha alivyotaka mbunifu ajue kilichofichwa nyuma ya lipu. Robert Smirke, aliyekuja kuwa mbunifu maarufu, aliingia ofisini humo mwaka 1796 na hakumaliza mwaka.

Haifai kumfanya mtakatifu. Alikuwa na hasira za karibu na moyo mgumu wa kusamehe. Mwaka 1799 alifungua kesi ya kashfa kwa sababu ya shairi la kumdhihaki, akashindwa. Hata ada yake ina doa la kujadiliwa, kwani kwa desturi ya wakati ule wabunifu walilipwa asilimia ya gharama ya jengo, ikiwa na maana kwamba jengo likipanda bei, ada nayo hupanda. Wakosoaji waliliona hilo mapema. Na uhuru wake wa kuchagua kazi haukutokana na ada peke yake: mwaka 1784 alimwoa Elizabeth Smith, aliyelelewa na mjomba wake George Wyatt, mjenzi tajiri wa London. Wyatt alipofariki mwaka 1790 mali yake iliwafikia wanandoa hao. Mtu aliyekataa faida ya ukandarasi alisimama, kwa sehemu, juu ya urithi wa mkandarasi.

Lakini tofauti kati yake na wenzake ilionekana wazi. John Nash, aliyetumikia serikali pamoja naye kama mbunifu, alisimamia uundaji wa Regent Street mjini London na wakati huohuo akajitwalia viwanja katika mtaa huo. Kamati ya Bunge iliyochunguza suala hilo mwaka 1829 haikumkuta na hatia ya udanganyifu. Minong'ono haikukoma, na mwaka uliofuata aliondolewa katika ujenzi wa Kasri la Buckingham uliokuwa umepita bajeti. Bila kanuni iliyoandikwa, hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika kama Nash alikuwa amevunja jambo lolote.

Soane aliteuliwa kuwa profesa wa usanifu majengo katika Chuo cha Kifalme mwaka 1806, na akaanza mihadhara mwaka 1809. Mwaka uliofuata alikosoa hadharani ukumbi wa maonesho wa Covent Garden, kazi ya Smirke, yule mwanagenzi wake wa zamani. Chuo kikatunga kanuni ya kuzuia kukosoa kazi za wasanii wa Uingereza walio hai. Soane alisitisha mihadhara, asiirejee hadi mwaka 1813.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Alitamani wanawe wawili, John na George, warithi taaluma yake, hakuna aliyeitaka. George aliingia katika madeni, akafungwa, na mwaka 1815 akaandika gazetini, bila kutaja jina lake, makala za kuyadhihaki majengo ya baba yake. Mama aliyasoma na kutambua nani aliyeandika. Alifariki tarehe 22 Novemba mwaka huohuo, na Soane akaamini hadi mwisho kwamba makala hizo ndizo zilizomuua. Alizitia kwenye fremu akazitundika ukutani. Mwana mwingine alifariki mwaka 1823. Soane alipopewa heshima ya ubaroneti, ambayo mwana hurithi, aliikataa ili George asiipate. Mwaka 1831 alikubali cheo cha Sir ambacho hufa na mwenyewe. Mwaka 1833 Bunge lilipitisha sheria mahsusi ya kuifanya nyumba yake ya Lincoln's Inn Fields, pamoja na mkusanyo wake wote, kuwa makumbusho ya taifa.

Mwaka 1834 wabunifu wa London hatimaye waliunda taasisi yao. Kanuni zake zilimfungia mlango mwanachama anayepima kazi kwa niaba ya wajenzi, mwenye maslahi katika biashara yoyote ya ujenzi, au anayepokea malipo kutoka kwa mafundi. Ni yaleyale aliyoyaandika Soane miaka 46 nyuma. Waliomba awe rais wao wa kwanza, lakini Chuo cha Kifalme hakikuwaruhusu wanachama wake kujiunga na chama kingine cha wabunifu, naye akalazimika kukataa. Mwaka 1835 walimpelekea nyumbani medali ya dhahabu. Taasisi ilipata hati ya kifalme tarehe 11 Januari, 1837. Soane alifariki siku tisa baadaye, tarehe 20.

Hata hivyo, taasisi hiyo ilikuwa chama cha hiari. Ilikuwa na uwezo wa kumfukuza mwanachama, lakini mfukuzwa aliendelea kujiita mbunifu kesho yake. Miswada ya usajili ilianza kupelekwa bungeni katika miaka ya 1880 na kukwama. Upinzani mkali ulitoka kwa wabunifu wenyewe: mwaka 1892 kundi lililoongozwa na Norman Shaw lilichapisha kitabu cha kudai kwamba usanifu ni sanaa, na sanaa haipimwi kwa mtihani. Sheria ilipita mwaka 1931 na kuunda Baraza la Usajili la Wabunifu Majengo. Ilichukua miaka mingine saba, hadi 1938, kwa jina lenyewe la mbunifu majengo kulindwa.

Afrika Mashariki haikusubiri hadi hapo. Bodi ya Kenya ya kusajili wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi ilianza mwaka 1934. Tanzania ilipotunga sheria yake mwaka 1972, iliwaweka wabunifu majengo, wakadiriaji majenzi na wakandarasi wa majengo chini ya bodi moja ya taifa. Mwaka 1997 Bunge likawatenganisha: Sheria Namba 16 iliunda Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na Sheria Namba 17 ikaunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Ile ya kwanza ilifutwa na kutungwa upya kwa Sheria Namba 4 ya mwaka 2010, lakini mbunifu na mkandarasi wamebaki kila mmoja na daftari lake, msajili wake na mamlaka yake ya nidhamu. Hapo ndipo ilipotoka ile mistari tofauti kwenye bango.

Jengo ambalo Soane alilijenga kwa miaka 45 halikupata ulinzi kama huo. Kuanzia mwaka 1925 kumbi zake za Benki zilibomolewa karibu zote ili kupisha jengo refu zaidi, na kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Herbert Baker, ambaye wakazi wa Nairobi wanamfahamu kwa jengo la Ikulu ya Kenya. Wakati Bunge likipitisha sheria ya usajili mwaka 1931, ubomoaji na ujenzi huo ulikuwa ukiendelea. Ukuta wa nje ule usio na madirisha uliachwa, na bado unaizunguka Benki.