Farasi Ana Ukoo, Mpandaji Hana Kaburi

Sisi wanaisimu hutumia muda mwingi kuchora miti ya nasaba za lugha: ipi ilizaa ipi, na zipi ni ndugu. Aghalabu matawi hukatika mikononi mwetu kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuandika. Yupo, hata hivyo, mnyama mmoja ambaye mti wake haukatiki. Huyo ni farasi wa mbio wa asili ya Uingereza. Tangu 1791, jamaa ya Weatherby ilipoanza kuchapisha daftari la nasaba zao, kila farasi wa aina hiyo hufuatwa kwa upande wa baba hadi kwa mmoja wa madume watatu walioletwa Uingereza kutoka nje: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian.

Nayataja haya ili nisimulie maisha ya mtu aliyewapanda farasi hao kuwashinda wote wa zama zake, Isaac Murphy wa Kentucky, Marekani.

Mnamo 1850 alizaliwa Kentucky dume aliyekuja kuitwa Lexington. Baba yake, twajua, ni Boston na mama yake Alice Carneal. Na kutoka kwa Boston twaweza kupanda hadi kwa Byerley Turk bila kuruka kizazi hata kimoja. Miaka kumi baadaye, katika sensa ya 1860, watumwa wa Marekani waliorodheshwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana wao. Majina yao wenyewe kwa kawaida hayakuandikwa. Murphy alizaliwa mwaka uliofuata, 1861, na wataalamu hadi leo hawaafikiani kuhusu siku yenyewe.

Alizaliwa akiitwa Isaac Burns. Baba yake alijiunga na jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akafia jeshini. Kijana alianza kupanda farasi wa mashindano akiwa na umri wa miaka kumi na minne hivi, na baadaye akalichukua jina la babu yake mzaa mama, Green Murphy. Hivyo yeye, ambaye hakuwa na daftari la nasaba, aliubeba ukoo wake katika jina.

Wakati huo kazi hiyo ilikuwa ya watu weusi. Katika mashindano ya kwanza ya Kentucky Derby, mwaka 1875, wapandaji 13 kati ya 15 walikuwa weusi. Murphy aliwapita wote. Alishinda Derby hiyo mwaka 1884, 1890 na 1891, akawa mtu wa kwanza kuishinda mara tatu. Kwa hesabu yake mwenyewe alishinda mashindano 628 kati ya 1,412. Watafiti wa baadaye wamepunguza hesabu hiyo hadi takriban thuluthi moja, na bado ni kiwango cha ajabu. Tarehe 25 Juni 1890, huko Sheepshead Bay, New York, alimpanda Salvator, ambaye mama yake alikuwa binti wa yule Lexington, akamshinda Tenny kwa tofauti ndogo mno.

Miezi miwili baadaye alimaliza wa mwisho huko Monmouth akiwa juu ya Firenze, akatuhumiwa ulevi. Alikuwa mtu wa kujinyima chakula kila msimu ili apunguze uzito, na wapo walioshuku kwamba alitiliwa kitu katika kinywaji. Sifa yake haikupona, japo mwaka uliofuata alishinda tena Derby. Alifariki Februari 1896 akiwa na miaka 35 tu.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Murphy alicheza kwao, asitunzwe. Alizikwa mjini Lexington katika makaburi ya watu weusi, na baada ya muda kaburi lake likasahaulika. Wenzake walifukuzwa viwanjani: kuanzia 1922 hadi 1999 hakuna Mmarekani mweusi aliyepanda farasi katika Derby. Mwandishi wa habari, Frank Borries, alilisaka kaburi hilo hadi akaligundua katika miaka ya 1960. Mwaka 1967 mabaki ya Murphy yalihamishwa yakazikwa karibu na Man o' War, farasi mashuhuri ambaye ukoo wake wafika kwa Godolphin Arabian. Kaburi la farasi halikuwahi kupotea.

Siwalaumu walioandika nasaba za farasi; kazi yao ni ya kupigiwa mfano. Ila yatupasa kukumbuka kwamba daftari lilitunzwa kwa sababu farasi alikuwa mali, na penye mali hapakosi karani. Utu hauna karani wa kudumu. Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, unapowapa wanafunzi kazi ya likizo, waagize wawaendee mabibi na mababu zao, wayaandike majina ya waliowatangulia hadi pale kumbukumbu itakapokomea. Nanyi wanafunzi, msingoje wazee waondoke. Mkifika mahali ambapo jina limekosekana, liachieni nafasi katika ukurasa, ili ajaye ajue kwamba palikuwa na mtu.